Mheshimiwa Aliyejitafutia Baba

Nchi hii haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedhani anaifahamu atakuwa amekosea. Kama hajakosea, basi anyamaze, maana wenyewe hawapendi kutajwa.

Ilikuwa mikononi mwa Mheshimiwa Rais Severini Ndumbalo, mtu mpole sana, ambaye hata wapinzani wake walimsifu kwa kauli moja kutoka kule walikohifadhiwa. Alikuwa ametawala muda mrefu kiasi kwamba picha yake kwenye noti haikufanana naye tena, ilifanana na mwanawe. Siku moja akiwa mezani aliitazama noti, akamtazama na kijana aliyekaa mbele yake akitafuna mkate, akaona kwamba Mungu mwenyewe ameshaanza kumwelekeza.

Kijana huyo aliitwa Gaudensi. Umri wake ulikuwa umevuka thelathini na cheo chake kilikuwa Balozi Maalumu wa Vijana. Alikuwa mtu mwema, hajawahi kumdhuru yeyote, na alipenda vitu viwili tu duniani: usingizi na sungura. Baba yake aliamini kwamba mtu wa namna hiyo akipewa nchi ataitunza, kwa sababu sungura wake walikuwa wanene.

Kikwazo kilikuwa Mheshimiwa mwenyewe. Zamani, alipomtoa kwa nguvu mtangulizi wake aliyetaka kumwachia kiti mpwa wake, Mheshimiwa aliandika katika Katiba maneno mawili, "Urais haurithiwi", kisha akayachonga kwenye marumaru katikati ya mzunguko mkubwa wa barabara jijini. Kuyafuta kusingewezekana bila kubomoa mzunguko, na mzunguko ulikuwa na jina la mama yake.

Akamwita Profesa Tegemea Lupondo, Waziri wa Katiba na Marekebisho Yake.

"Profesa, mimi ni mzazi," Mheshimiwa alianza kwa sauti ya unyonge. "Mzazi akifa huacha kitu. Masikini huacha hata jembe. Mimi niache nini?"

"Mheshimiwa, Katiba inasema urais haurithiwi."

"Najua inavyosema. Niliisema mimi."

"Lakini haijasema popote kwamba nchi hairithiwi."

Mheshimiwa akaweka kikombe chini. Profesa, ambaye alikuwa amesoma hadi akaishiwa vitu vya kusoma, akamweleza. Enzi za Wajerumani, kijana mmoja ofisa wa ukoo mtukufu uitwao von Drosselbach alipanda kilima kilicho nyuma ya Ikulu. Alikuwa na homa kali. Akasimika bendera, akawatangazia wapagazi wake kwamba kila anachokiona, hadi macho yanapoishia, ni mali ya ukoo wake milele. Alasiri ile ile akafa. Wapagazi wakamzika kwa heshima, wakala chakula chake, wakarudi makwao.

"Tamko lile halijabatilishwa hadi leo," alisema Profesa, "kwa sababu hakuna aliyelielewa."

"Kwa hiyo hii nchi ni yao?"

"Kisheria ni shamba lao, Mheshimiwa. Wewe umekuwa ukilitunza. Na katika ukoo mzima amebaki mzee mmoja, mjane, hana mtoto. Cheo chake ni Grafu, yaani chini ya mtemi lakini juu sana ya akida. Sasa, Wajerumani wana utaratibu mzuri: wanaruhusu kumwasili mtu mzima, yaani kumfanya mtoto wako kisheria."

Mheshimiwa hakuwa amepata kufikiri kwamba katika umri wake angeweza kuwa mtoto wa mtu.

* * *

Ujumbe uliokwenda Ujerumani ulijaza ndege. Walikuwamo mawaziri, wake za mawaziri, kikundi cha ngoma, na daktari wa kupima kama Grafu kweli ni mzee. Mkalimani alikuwa Bi. Tunu Mkwizu, mama mkavu wa maneno, aliyewahi kusomea kilimo huko na kurudi na lugha yao bila cheti, kwa sababu cheti kilipotelea wizarani.

Mheshimiwa alitegemea ngome. Ngome ilikuwapo kweli, juu ya kijito, ina minara miwili na bendera, lakini ilikuwa imegeuzwa zahanati ya meno. Grafu Leberecht von Drosselbach, wa mwisho wa jina lake, aliishi nyuma, katika kilichokuwa chumba cha kufulia cha babu zake. Walimkuta amevaa sweta lililotoboka viwiko, anamenya viazi.

"Mtoto mwenyewe ana umri gani?" aliuliza.

Bi. Tunu akatafsiri. Mheshimiwa akajibu kwamba ni sitini na ushee.

"Ndiye huyu? Mwambie akae. Anakula viazi?"

"Anakula, ila si vingi," Bi. Tunu alijibu bila kumuuliza mhusika.

Mzee akafurahi kupata wageni, kwa kuwa tangu afe mkewe waliokuwa wakimtembelea ni wagonjwa wa meno waliopotea njia. Akawasimulia ukoo. Ulianza na Kunibert Mnene, aliyemzaa Kunibert Mnene Zaidi. Baadaye akatawala Walburga kwa niaba ya mumewe aliyepotea mawindoni, na mume aliporudi, Walburga alimwangalia vizuri akasema hamfahamu. Walikuwapo pia mapacha Egon na Hugo. Mkunga alisahau nani alitangulia, wakakalia kiti kimoja kwa pamoja hadi kikavunjika. Halafu Ruprecht, aliyempikia baba yake uyoga.

"Uyoga mzuri?" Mheshimiwa aliuliza, ili aonekane anasikiliza.

"Kwa Ruprecht ulikuwa mzuri. Tangu siku hiyo tuna sheria: amuuaye baba yake, au anayemtuma mtu amuue, harithi hata kijiko. Kila sheria ya ukoo wetu imetokana na mtu aliyekufa vibaya."

Profesa Lupondo alikuwa anatazama saa. Hakuja kusikiliza hadithi za watu waliokufa. Akauliza kama mzee ana sharti lolote.

Grafu alikuwa nalo moja. "Jumapili mtoto hula na baba yake."

Mheshimiwa akakubali papo hapo, kwa moyo ule ule ambao siku zote alikubali masharti ya wafadhili.

Hakimu wa mji ule alikuwa mwanamke kijana aliyevaa raba. Aliwaambia kwamba sheria haimruhusu kumpa mtu baba kwa ajili ya jina tu, ni lazima pawe na mapenzi ya mzazi na mtoto. Akamgeukia Mheshimiwa, akamuuliza kama anampenda mzee huyu kama baba.

Mheshimiwa Ndumbalo alikuwa na hotuba ya jambo hilo mfukoni, kurasa nyingi. Lakini alipofungua kinywa akamkumbuka baba yake wa kweli, aliyeondoka kwenda kutafuta kazi migodini yeye akiwa bado anatambaa, na ambaye sura yake hakuijua hata kwa picha. Hotuba haikutoka.

"Ndiyo," alisema. Sauti ilimshangaza mwenyewe, ilikuwa ndogo mno.

Hakimu akapiga muhuri. Kikundi cha ngoma kikaanza kucheza kwenye korido, na katika zahanati ya meno mgonjwa mmoja akapoteza jino zima.

* * *

Muswada ulifika bungeni Jumatatu asubuhi na kufikia chai ulikuwa sheria. Ulikuwa mfupi, kila mtu aliuelewa, na ulisomwa kwa sauti. Mbali na kiambatisho cha sheria za ukoo na utaratibu wa kuasili, ulisema: "Nchi hii na vyote vilivyomo ni shamba la ukoo wa von Drosselbach. Itatawaliwa na mkuu wa ukoo huo, na akifa, itatawaliwa na mwanawe."

"Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja kwa asilimia mia," alisema mbunge mmoja wa kusini, "na kama kanuni zinaruhusu, naomba niongeze ziwe mia mbili. Mimi tangu utoto wangu nilikuwa najisikia mpangaji. Nilipolala nilijiuliza, hii nyumba ni ya nani? Leo roho yangu imetulia."

Wakapiga meza. Mbunge mwingine aliuliza swali dogo tu, kwamba wananchi wenye viwanja vyao itakuwaje. Akabainika kuwa mgonjwa, akapelekwa hospitali kabla hajaona dalili yoyote.

Basi kazi ya ujenzi wa taifa ikaanza. Nchi ikaitwa Milki ya Drosselbach ya Kusini. Askari wa barabarani waliwasimamisha watu na kuwataka walitamke jina. Aliyesema "Doroselabaki" alionywa, aliyesema "Drosi" alilala ndani. Shuleni watoto wakaimba ukoo wote kuanzia Kunibert Mnene, na mwalimu wa hisabati alilazimika kuacha kipindi chake ili wapate nafasi ya Walburga. Mheshimiwa mwenyewe alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Herufi zile za mwisho zilimkwaruza koo, lakini kila alipozitamka alijiona amerefuka kidogo.

Siku ya kusimikwa, uwanja wa taifa ulijaa, kwa sababu milango ilifungwa kwa nje. Grafu Leberecht aliletwa kwa ndege kama mzazi wa mhusika, akawekwa nyuma ya nguzo akiwa na kofia ya majani na chupa ya maji. Majeshi yakapita, na Jenerali Haule akaapa kwa niaba yao utii usio na kikomo kwa mkuu wa ukoo. Kisha akasimama Jaji Mkuu, Elizeusi Kabwogi.

Jaji Kabwogi hakuwa mtu wa mapinduzi. Miaka yote ya kazi yake alikuwa amefanya jambo moja tu, yaani kutii. Na asubuhi hiyo Profesa Lupondo alikuwa amemwagiza asome sheria kama ilivyo, asibadilishe hata nukta, maana redio za nje zinasikiliza.

"Mkuu wa ukoo wa von Drosselbach aje mbele," alisoma.

Mheshimiwa akainuka, akaweka sawa joho lake, akatembea kwenye zulia. Jaji akamtazama juu ya miwani.

"Wewe ni nani katika ukoo?"

"Kabwogi, unanifahamu."

"Nasoma kama ilivyo, Mheshimiwa. Wewe ni nani?"

"Ni mwana."

"Baba yako yuko hai?"

Uwanja mzima uligeuka kuangalia nyuma ya nguzo. Mzee alikuwa anakunywa maji.

"Yuko hai," alisema Mheshimiwa.

"Basi kaa kwanza," alisema Jaji Mkuu kwa adabu. "Baba aje."

Bi. Tunu akamnong'oneza Grafu kilichokuwa kikisemwa. Mzee akashangaa, akauliza kama hawakosei, akaambiwa ndivyo sheria ilivyo. Akasimama, akaja taratibu kwenye zulia, akampita mwanawe na kumpiga piga begani. Jaji akamwapisha. Bendi, iliyokuwa na agizo la kupiga pindi mtu akishaapa, ikapiga.

Jenerali Haule aliinama sikioni mwa Mheshimiwa. "Nimpige risasi?"

Mheshimiwa alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini akaukumbuka uyoga.

"Nikikutuma, sirithi," alisema.

"Na usiponituma," alisema Jenerali baada ya kufikiri, "mimi nimeshaapa kwake. Itabidi nijipige risasi mwenyewe."

Wakakaa wote wawili.

* * *

Mheshimiwa Ndumbalo akahamia nyumba ya wageni, kwa kuwa Ikulu ilikuwa na mwenyewe. Cheo chake kipya kilikuwa Mwana Mrithi. Mlinzi mmoja na bustani ya mchicha ndivyo alivyopewa, na kila asubuhi aliamka akiuliza swali moja tu: "Mzee ameamkaje?"

Mzee alikuwa ameamka vizuri. Baridi yabisi iliyomsumbua kule kwao ilitoweka kabisa. Mwana Mrithi, kwa mapenzi ya mtoto kwa baba yake, akamtumia nyama za mafuta, maandazi ya nazi, na kitimoto cha nguruwe kila jioni. Mzee akanawiri, akanenepa mashavu, akaanza kutembea bila fimbo. Madaktari wa taifa walimpima, wakatangaza kwa furaha kubwa kwamba ana moyo wa kijana, na wakashangaa Mwana Mrithi alipowafukuza.

Lililomuuma zaidi ni Gaudensi. Kijana alikwenda Ikulu siku moja kumsalimu babu yake na hakurudi. Huyo Grafu, kumbe, alifuga sungura utotoni kwake. Walijenga vibanda nyuma ya jengo la Baraza la Mawaziri, wakashinda huko wawili hao wakizungumza lugha ambayo hata Bi. Tunu aliona haina haja ya kutafsiriwa. Gaudensi aliacha kulala mchana.

Utawala wa mzee ulikuwa wa ajabu. Hakujua kutawala, kwa hiyo aliuliza maswali. Aliuliza kwa nini mto uko pale na maji hayapo hapa. Aliuliza wale watu walioko gerezani wamemuibia nani. Mawaziri walimjibu kwa hotuba, Bi. Tunu akazitafsiri, na hotuba ya saa nzima ilipopita kwa Bi. Tunu ilitoka sentensi moja: "Anasema hajui." Gereza likaanza kupungua watu, na yule mbunge mgonjwa akapona.

Lakini sheria nayo ilikuwa inafanya kazi yake. Nchi ilikuwa shamba la ukoo, kwa hiyo asiye wa ukoo alikuwa mvamizi. Maofisa wa ardhi, ambao hawakuhitaji mtu awaambie mara mbili, walimwagika mitaani na ndoo za rangi nyekundu wakichora alama ya X kwenye kuta. Walichora nyumba, vioski, makanisa na misikiti. Ofisa mmoja mwenye bidii alichora X kwenye nyumba yake mwenyewe, akajipa siku chache za kuhama. Tingatinga likafika mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege.

Huko aliishi Mama Skolastika Nyoni, mjane aliyekuwa akiuza nyanya, mwenye vyumba viwili alivyojenga kwa miaka mingi, tofali kwa tofali. Alipoona tingatinga linapinda kona alifunga khanga, akaacha nyanya zake juani, akaenda kwa miguu hadi Ikulu. Walinzi walimzuia. Gaudensi, aliyekuwa anakata majani ya sungura getini, akamwingiza.

"Mwambie," mama alimwambia Bi. Tunu, "mimi sina ugomvi naye. Anaonekana mzee wa watu. Lakini nyumba yangu inavunjwa leo na wanasema ni kwa sababu yake."

Grafu aliposikia aliweka uma chini. Alikuwa ameshawahi kuona nyumba ikiondoka. Aliiona ya kwake ikiingizwa viti vya meno. Akamwita Profesa Lupondo.

"Nani ana haki ya kukaa katika nchi hii?"

"Wana wa ukoo, Mtukufu."

"Na kumwasili mtu mzima kunaruhusiwa hapa?"

Profesa alikuwa ameuandika utaratibu huo mwenyewe, ukapitishwa kabla ya chai. "Kunaruhusiwa. Unatamka tu mbele ya Jaji Mkuu."

Jaji Kabwogi akaletwa akiwa bado anatafuna. Mzee akamuuliza Mama Skolastika kama yuko tayari kuwa binti yake. Mama akauliza kama kuna kazi yoyote ndani yake. Akaambiwa ni kula pamoja Jumapili, kama ana nafasi.

"Basi sawa, baba," alisema.

Tingatinga lilikuwa limeshagusa ukuta wa jiko pale Skolastika Nyoni von Drosselbach aliporudi na karatasi yenye muhuri. Dereva akaisoma, akavua kofia, akarudi kinyumenyume hadi barabarani. Majirani walikuwa wameona yote. Asubuhi iliyofuata foleni ilianzia getini Ikulu na kuishia sokoni.

* * *

Jumapili hiyo Mwana Mrithi alifika mezani mapema. Palikuwa na viazi, kama kawaida, na mchuzi wa Mama Skolastika, ambaye alikuwa amekaa upande wa pili na kumwita kaka.

"Baba," alisema Mwana Mrithi, na Bi. Tunu akatafsiri, "nasikia unauasili mtaa mzima."

"Ni kata mbili sasa. Wiki ijayo Jaji anasema tutafanya kwa redio, mkoa kwa mkoa. Wanaokubali watatamka huko huko waliko."

"Utawafanya watu wote kuwa ndugu zangu."

"Ndiyo."

"Baba, mimi nilikuwa mwanao wa pekee."

Mzee akamwongezea kiazi. "Mimi pia nilikuwa mtoto wa pekee. Ngome nzima, na mimi peke yangu. Nilikuwa nazungumza na picha za kina Kunibert." Akatafuna kidogo. "Hukuwa na ndugu, wewe?"

"Mama alinizaa mimi tu. Baba aliondoka."

Bi. Tunu alisita kabla ya kutafsiri hilo. Mzee aliposikia alisogeza chumvi karibu na mwanawe, na wakala hadi mwisho bila kuzungumza siasa. Ndumbalo alikuwa amekuja kugomba. Alirudi kwake akiwa na bakuli la mchuzi lililofunikwa kwa kitambaa, akashindwa kuelewa ugomvi umeishia wapi.

Kesho yake alipata akili na kwenda kwa Jaji Mkuu. Alidai kwamba hata wakiwa ndugu milioni, yeye ndiye wa kwanza kuasiliwa, kwa hiyo yeye ndiye kifungua mimba.

"Nasoma kama ilivyo," alisema Jaji Kabwogi. "Mkubwa ni aliyetangulia kuzaliwa, si aliyetangulia kuasiliwa. Kwa hesabu hiyo, nikiongeza waliojiandikisha kungoja redio, kaka yako mkubwa yuko Mbingamharule, ana zaidi ya miaka mia, haoni wala hasikii. Baada yake kuna dada zako wengi. Wewe nimekutafuta, uko mbali kidogo."

Redio ikafanya kazi yake. Mkoa baada ya mkoa watu walisimama viwanjani wakasema ndiyo, na maofisa wa ardhi wakarudi mitaani kuifuta rangi nyekundu kwa mchanga. Mwisho wakaasiliwa maofisa wenyewe, na Profesa Lupondo aliyekuja jioni ya mwisho akiwa peke yake, ameshika kofia mkononi. Nchi nzima ikawa ukoo mmoja. Wakusanya kodi walipata shida kubwa. Kila jina lilikuwa von Drosselbach.

* * *

Grafu Leberecht alifariki mchana wa jua kali, akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya vibanda, sungura mmoja mapajani. Gaudensi alidhani amesinzia, akamwachia. Baadaye alikuja getini kwa baba yake akitembea polepole, na Ndumbalo akamwona usoni kabla hajasema.

Siku hiyo alikuwa ameingoja kwa muda mrefu. Alikuwa na hotuba yake, na joho bado lilining'inia kabatini. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya wageni, akajikuta analia, akakasirika kwa kulia, akaendelea. Mama Skolastika alipopita na wenzake kwenda kupika msibani, alimwacha alie bila kumsemesha.

Walimzika kilimani, kando ya yule kijana wa homa. Urithi ukaanza kutafuta mtu. Yule kaka mkubwa wa miaka mia alipigiwa kelele sikioni hadi akaelewa, akasema hataki, ana mambo yake. Dada aliyemfuata alikataa pia, na aliyefuata alikubali lakini akafa kwa furaha. Jaji Mkuu akachoka. Akasema sasa itafanyika kama inavyofanyika katika kila ukoo ulio na akili: watu wamalize matanga, wakae kikao cha ukoo, wachague msimamizi wa mirathi. Kila mwana ana kauli moja. Na kwa kuwa ukoo ni mkubwa kidogo, watakaa kila mtaa kivyake, kauli zihesabiwe.

Ndumbalo akajitokeza kuomba. Hakuwahi kuomba kitu kwa watu. Siku zote waliombwa na vyombo husika. Akavaa suti, akaenda kwa miguu, akapiga hodi kwenye mlango wa kwanza alioujua. Ulikuwa wa Mama Skolastika.

"Karibu, kaka. Kaa."

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akaanza: "Ndugu wananchi..."

"Niko peke yangu," alisema mama.

Akaanza upya. Alimwambia kwamba ana uzoefu. Mama akamuuliza uzoefu huo ulikuwa wapi siku zote ambazo bomba la mtaa huu lilikuwa kavu. Akajibu kwamba hakuwa anajua. Lilikuwa jibu la kweli, pengine la kwanza, na wote wawili walilisikia.

"Haya," alisema mama. "Nitafikiri."

Ndumbalo alitoka nje akiwa amechanganyikiwa. Katika maisha yake yote ya utawala, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba atafikiri.

Kauli zilipohesabiwa, msimamizi alikuwa Bi. Tunu Mkwizu. Watu walisema wanamtaka mtu anayeweza kusema maneno ya wenzake bila kuongeza ya kwake, na mwanamke huyo walikuwa wamemsikia redioni mkoa kwa mkoa. Yeye alikubali kwa muda maalumu, akauliza kama cheti kitahitajika. Ndumbalo alipata kauli za hapa na pale. Gaudensi alimwambia wazi kwamba hakumpa yake, na akampa mkono.

Alirudi kwenye nyumba ya wageni na kufunga begi dogo: mswaki, shuka, dawa ya presha. Alilijua jambo linalofuata, kwa kuwa ndilo alilowafanyia wote walioshindwa kabla. Akakaa kwenye ngazi akingoja gari. Jua likapanda. Jenerali Haule akapita kwa baiskeli, akampungia, hakusimama. Gari halikuja.

Alikuja Mama Skolastika, amejitwika masufuria mawili ya msibani na lingine ameshika mkononi, yote meusi kwa moshi.

"Kaka, unasafiri?"

"Nangoja wanichukue."

"Nani akuchukue? Leo tunaosha vyombo, tunavirudisha kwa wenyewe. Kamati ya vyombo imekuandika wewe na Spika, na Spika ameshafika." Akashusha sufuria lililokuwa mkononi, akalisukuma kwa mguu hadi kwenye ngazi. "Hili chini limeungua. Majivu yako kule."

Severini Ndumbalo von Drosselbach alilitazama sufuria, akatazama barabara tena upande wa Ikulu. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye mti wa mpera, akakunja mikono ya shati na kuuliza majivu yako wapi hasa.